Ngozi Mbili kwa Ng'ombe Kumi na Wanne

Elimu ya mdogo wangu iligharimu ng'ombe kumi na wanne. Niliwahesabu wakiwa zizini, nikawahesabu tena wakati wanatoka mlangoni, na hesabu zote mbili zilikubaliana, jambo ambalo halikunifariji. Mmoja alikuwa na mimba. Mnunuzi aliyetoka Singida mjini alisema mimba hainunuliwi kwa sababu haionekani. Nikamwambia basi alipe bei ya ng'ombe aliyenenepa sana. Akalipa. Hiyo ndiyo faida pekee ambayo ukoo wetu umewahi kuipata kutokana na elimu ya juu, na aliyeileta ni mimi, niliyeishia darasa la nne.

Ng'ombe wale walikuwa wa kunioza mimi. Hilo lieleweke mapema, msomaji asije akadhani nina wivu wa vitabu. Dada yetu mkubwa alipoolewa, mahari yake iliingia katika zizi la baba, na kwa desturi yetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Kaka aliyekuwa kwenye zamu ni mimi. Mchumba nilikuwa nimeshampata, kwa watu wa Misigiri, huko Iramba, nilikokuwa nakwenda kununua kuku wa kuuza pale njia panda ya Mkiwa kwa watu wa malori. Baba yake alianza na kumi na saba. Nilimshusha hadi kumi na wanne kwa maneno matupu na nusu debe la chumvi. Kilichobaki ilikuwa ni kuwaswaga tu kutoka kwetu Mungaa hadi Misigiri. Badala yake wakaenda Amerika.

Aliyewapeleka ni mzungu wa misheni, mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mdogo wangu. Alikuja kwa baiskeli, akapewa kigoda, akanywa maziwa yetu bila kukunja uso, na hapo baba akawa ameshakwisha. Baba alikuwa mtu wa kushindwa na mgeni yeyote anayemaliza maziwa.

"Ni chuo cha kanisa, mzee," alisema yule mzungu. "Miaka mitatu ya kwanza atasoma mambo ya kumfanya awe mtu kamili. Historia, falsafa, mashairi, muziki. Kisha miaka miwili chuo kingine, uinjinia. Mwisho anapata digrii mbili."

Baba alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma.

"Kwani sasa hivi hajakamilika?"

"Amekamilika, mzee, lakini..."

"Ana upungufu gani? Niambie tu, mimi ndiye niliyemzaa."

Mzungu akawa mwekundu. Mimi nikaona huo ndio wakati wa biashara, nikauliza: "Bwana, uinjinia peke yake ni bei gani? Bila ile miaka ya kukamilika."

"Haviachani," akasema. "Chuo kinavitoa pamoja."

Nikajua nimekutana na mwenzangu. Hata mimi pale Mkiwa nilikuwa nauza hivyo hivyo: anayetaka jogoo mnene lazima aondoke na kuku mzee. Tofauti ni kwamba mimi kuku mzee nilimfunga miguu nikamficha chini ya tenga. Huyu alimtanguliza mbele akamsifu.

Ada ingelipwa na marafiki wa misheni. Familia ilitakiwa kutoa nauli ya meli, makoti, vitabu na chakula cha wakati chuo kimefungwa. Baba akaniita pembeni ya zizi.

"Mwanangu," akasema, "wewe una mikono na mdomo. Utapata wengine. Mwenzako ana kichwa tu."

"Baba, mchumba wangu ana baba, na baba yake ana masikio. Akisikia zizi ni tupu?"

"Mwambie wamewekwa."

Hapo lazima nieleze kidogo, kwa faida ya watu wa mjini. Kwetu mtu hakai na ng'ombe wake wote zizini. Anawagawa. Wawili wanakaa kwa shemeji, mmoja kwa rafiki, watatu kijiji cha pili. Hivyo ugonjwa ukiingia zizi moja hauwamalizi, na jirani mwenye jicho hajui una wangapi. Aliyewekewa anakunywa maziwa, anatumia samadi, na akitunza vizuri anapewa ndama. Lakini ng'ombe mwenyewe habadiliki kuwa wake, hata akikaa naye mpaka wote wawili wakaota mvi. Na ng'ombe akifa, aliyewekewa anamletea mwenyewe ngozi. Bila ngozi, hakuna kifo, kuna deni.

Basi nikaenda Misigiri kusema kwamba ng'ombe wangu wamewekwa. Mkwe akauliza wapi. Nikasema mbali. Sikudanganya.

Miaka ile ya kwanza barua zilikuja, na mwalimu wa shule ya kijiji alitusomea kwa sauti. Mdogo wangu alikuwa anasoma mabishano ya watu waliokufa zamani kuhusu kama meza ipo kweli au tunaiona tu. Alikuwa anaimba katika kwaya. Alikuwa ameandika insha juu ya uzuri. Baba alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, kisha akauliza: "Ameandika lolote juu ya daraja?" Mwalimu akageuza karatasi upande wa pili. Hakuna daraja.

Mchumba wangu naye aliuliza. Nilimkuta kisimani kwao, ndoo kichwani, nami na matenga yangu ya kuku kwenye baiskeli.

"Huyo mdogo wako anajenga nini huko?"

"Bado hajaanza kujenga. Sasa hivi anakamilika."

"Na mimi nitakamilika lini?" akasema. "Wenzangu wana watoto wawili. Mimi nina mwanamume anayehesabu kuku."

Nikamwambia avumilie. Akaniambia uvumilivu wake nao una bei, ila yeye hapunguzi. Nilipenda sana lile jibu. Mwanamke asiyepunguza bei ni mali ya nyumba.

Mdogo wangu alirudi kwa lori, akashukia Mkiwa mbele ya meza yangu ya kuku. Alikuwa na masanduku manne. Nikadhani moja ni la vyombo vya uinjinia. Matatu yalikuwa vitabu, na la nne lilikuwa na koti zito la baridi kali, ambalo pale Mkiwa, saa sita mchana, lilikuwa na manufaa sawa na ngalawa.

"Shikamoo kaka," akasema, akainama vizuri. Adabu hawakumpunguzia.

"Marahaba. Umekamilika?"

Akacheka. "Nadhani, kaka. Ingawa mtu hawezi kusema kwa uhakika kwamba..."

"Basi panda baiskeli."

Serikali ya Mwingereza ilimpa kazi ya madaraja, lakini ilisema digrii za Mmarekani haizitambui sawasawa, kwa hiyo ilimwita msaidizi wa fundi. Ninaidharau Serikali ile kwa mambo mengi, ila kwa hilo nilitaka nimpongeze aliyelifikiria. Yeye alipata mtu mwenye digrii mbili kwa mshahara wa mtu asiye na hata moja. Huo ni ununuzi. Mzungu aliyekuwa juu yake, nasikia, hakuwa na digrii yoyote. Alikuwa na kofia.

Nyumbani mama alimwomba atazame paa la udongo la tembe yetu, lilikuwa linavuja upande wa jikoni. Mdogo wangu alipanda juu, akasimama pale kama mtu anayehubiri, akatueleza kwamba kabla ya kutengeneza nyumba ni lazima tujiulize nyumba ni nini. Mama akasema nyumba ni mahali pasipovuja. Yeye akaendelea. Alitupitisha kwenye nyumba za Wayunani, akaja za Warumi, akagusa makanisa makubwa ya Ulaya, na mawingu yakawa yanakusanyika. Kisha akashuka, akachanganya udongo na samadi kwa kipimo chake, akaweka mteremko mdogo na mfereji wa ubao. Mvua ikaja. Paa halikuvuja. Sisemi kwamba hakujua kazi. Nasema kazi ilichukua asubuhi moja na nyumba za Wayunani zilichukua siku nzima, na nauli tulilipia vyote.

Tabia hiyo ndiyo iliyonikaa rohoni. Mtu aliyesoma uinjinia tu, kitu chake kikianguka, ananyamaza kwa aibu. Aliyesoma falsafa tu hajengi chochote, kwa hiyo hakuna cha kuanguka. Lakini hawa waliochanganywa! Kwa nusu moja wanajenga, na nusu ya pili imekaa tayari kueleza kwa nini, ukitazama vizuri, kuanguka nako ni namna ya kusimama. Mfanyabiashara akiuza debe bovu halafu akakuhubiria mpaka ukaomba msamaha kwa kulinunua, huyo tunamwita tapeli. Huko wanampa digrii mbili.

Nilimpa muda apate mishahara kadhaa. Kisha nikamwambia nataka ng'ombe wangu.

"Ng'ombe gani, kaka?"

"Kumi na wanne."

"Lakini wale baba alinipa."

"Baba hakuwa na cha kukupa. Walikuwa na mwenyewe. Waliwekwa kwako."

Akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyeletewa chakula. "Hilo ni swali la kupendeza sana," akasema. Hapo nikajua sitalipwa kwa urahisi.

Wazee wa ukoo walikutana uani kwa baba, kwenye kivuli cha ukuta, na mtungi wa pombe ya mtama katikati. Baba alikaa pembeni akichokonoa ardhi kwa fimbo. Mzee mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeongoza. Nikasimama nikaeleza: ng'ombe wa dada ni wa kunioza, walikwenda kwa mdogo wangu, maziwa yake amekunywa miaka mitano, amenenepa kwa Kiingereza, sasa ninadai ng'ombe. Ndama sidai, kwa sababu mimi ni mtu wa huruma.

Wazee wakacheka kidogo. Mdogo wangu akasimama.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu. Sema."

"Kuna kitu kilichotolewa, kuna kilichokopeshwa, na kuna kilichowekwa. Kaka anasema hawa waliwekwa. Naomba niwaulize. Ng'ombe aliyewekwa, anapoondoka, si anaondoka na miguu yake na pembe zake?"

"Naam," wakasema.

"Hawa waliuzwa, wakawa fedha. Fedha ikawa meli. Meli ikawa kitabu. Kitabu kikaingia hapa." Akagusa paji la uso. "Kaka akitaka ng'ombe wake, itabidi anipasue."

"Leteni kisu," nikasema. Walicheka kwa nguvu, lakini walicheka pamoja naye, si kwa ajili yangu, na niliona kabisa jinsi wale wazee walivyokuwa wanamwangalia. Watu wazima, wenye mazizi, wamefumbua midomo kama watoto mbele ya mchezaji wa nyoka. Nimeona wateja wa namna hiyo. Ukiwauzia majivu wanauliza kama yapo mengine.

"Tuseme basi waliwekwa," akaendelea. "Nakubaliana na kaka. Ng'ombe aliyewekwa akifa, aliyewekewa anafanya nini?"

"Analeta ngozi," akasema mzee mkubwa.

"Na akileta ngozi?"

"Hadaiwi."

Mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na vyeti vyake viwili vilivyoviringishwa, akavikunjua mbele ya mzee. Vyeti vile havikuwa vya karatasi. Vyuo vile vya kizamani viliandika digrii zao juu ya ngozi.

"Hii hapa ngozi," akasema. "Wamekufa, wazee wangu. Walikufa vizuri."

Nyinyi hamjui kelele zilizotokea pale uani. Mmoja aliimwaga pombe yake. Baba mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, naye ndiye aliyenitia hasara. Nikasimama peke yangu, sina hata wa kumtazama, nikaona mke wangu wa Misigiri anayeyuka kama mafuta juani. Nimefanya biashara tangu sijaota ndevu na sijawahi kupigwa namna ile: kwa desturi yetu wenyewe, mbele ya wazee wetu wenyewe, na mtu aliyejifunza kusema kwa gharama zangu.

Mzee mkubwa alikichukua cheti kimoja. Akakinusa. Akakikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni ya kondoo," akasema.

"Ni ya kondoo, baba mkubwa," mdogo wangu akakubali. "Ndivyo wanavyofanya huko."

"Na ziko mbili," nikasema mimi. "Wazee wangu, zihesabuni. Mbili. Sasa zihesabuni tena."

Kicheko kikapungua. Mzee mkubwa akaviweka vile vyeti magotini, kimoja juu ya kingine.

"Kweli," akasema. "Ya kondoo tutaisamehe, kwa sababu ni nchi ya mbali na huenda ng'ombe wao wako hivyo. Lakini ngozi tumeziona mbili. Kumi na mbili hatujaziona. Mwanetu, zile nyingine ziko wapi?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Ile nusu ya kuongea ikatafuta, ikapekua kwa Wayunani, ikapekua kwa Warumi. Haikupata. Ile nusu nyingine, ya hesabu, ndiyo iliyojibu.

"Sina," akasema.

Ikaamuliwa kwamba nadai ng'ombe kumi na wawili. Alileta mmoja baada ya mavuno, dume, pembe moja imevunjika. Kuhusu waliobaki akasema mshahara wa msaidizi wa fundi hauruhusu haraka, lakini ana njia. Yeye mwenyewe ataandamana na mshenga wetu hadi Misigiri, azungumze na mkwe, ampunguzie mahari. Kila ng'ombe atakayempunguza atahesabiwa kwamba nimelipwa, bila ng'ombe kuhama.

Nilikubali. Nilikuwa nimemwona anavyowafanya wazee, nikadhani bidhaa ile inaweza kufanya kazi upande wangu pia. Huu ndio ujinga wangu na siuuzi kwa mtu mwingine.

Alikwenda amevaa tai, nami nyuma yao na baiskeli yangu. Akamsalimu mkwe kwa Kinyiramba alichojifunza njiani, akazungumza juu ya heshima ya ndoa, juu ya mwanamke kama nguzo na mwanamume kama boriti, na jinsi uzito wa nyumba unavyogawanyika. Hapo nusu zote mbili zilikuwa zinafanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza, nami nakiri ilikuwa nzuri. Mama mkwe alijifuta machozi. Mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akamsogelea mshenga wetu.

"Huyu ni ndugu yake muuza kuku?"

"Tumbo moja," mshenga akasema kwa fahari, mjinga yule.

"Na nyumba hiyo ilimpeleka Amerika?"

"Digrii mbili!"

"Miaka yote hii kijana anakuja hapa na baiskeli, ananililia umaskini," akasema mkwe. "Kumbe anatoka nyumba ya namna hii. Kumi na wanne ilikuwa bei ya muuza kuku. Sasa ni kumi na wanane."

Ukienda sokoni kununua, vaa vibaya. Mtoto mdogo wa Mkiwa anajua hilo. Miaka mitano ya vyuo viwili haikulifikia.

Mchumba wangu aliniita nyuma ya nyumba. Nilidhani atalia. "Sikiliza," akasema, "huyo ndugu yako asirudi tena hapa. Akirudi mara ya pili sitaoleka." Kisha yeye mwenyewe akaingia ndani kwa baba yake, na sijui alisema nini, lakini mkwe alitoka akasema yuko tayari kupokea kumi, na nane nitamalizia. Bei haikushuka hata mguu. Iligawanyika tu.

Kumi wale nimewapata kwa kuku, kwa ngozi na kwa samli, pamoja na lile dume la pembe moja. Nikaoa. Mdogo wangu Serikali ilimhamishia pwani, ambako nasikia sasa si msaidizi tena. Daraja alilolijenga njia ya kwetu limesimama. Nimepita juu yake na matenga yaliyojaa, nikarudi nikapita tena, halikutingishika. Sina ugomvi na daraja.

Ugomvi wangu ni huu. Msimu huu mkwe ametuma ujumbe kwamba kitindamimba wake anataka kuoa, na ng'ombe wa kumwoza ni wale nane walio kwangu. Uwele ukishavunwa na hawajafika, atakuja kumchukua binti yake pamoja na watoto, na kwa desturi atakuwa na haki. Mke wangu amefua nguo za watoto zote, hata zile safi, na amezikunja.

Kwa hiyo mdogo wangu, popote hili litakapokufikia: nakudai kumi na mmoja. Nane ni wa mkwe, wapelekwe Misigiri moja kwa moja. Watatu ni wangu, hao nitakungoja. Barua yako ya mwisho, ile ya kurasa sita inayouliza kama deni kati ya ndugu linaweza kuitwa deni, nimeisoma, nimeielewa, na imeandikwa vizuri. Sasa lete ng'ombe, wawe mitamba, wawe wazima, kabla ya uwele kuingia ghalani.